Umeiona, au Umeambiwa?

Kwa miaka ishirini na sita hakuna treni iliyoingia stesheni ile bila kutangazwa na mwanamke huyu, na hakuna aliyoitangaza kuwa inaingia kisha ikakosa kuingia. Alijivunia hilo la pili. La kwanza, alisema, hata kasuku angeliweza akifundishwa.

Ofisi yake ilikuwa kijichumba kilichokaa juu ya dirisha la tiketi. Unapanda ngazi kumi na moja za chuma, unasukuma mlango ambao tangu upakwe rangi haujawahi kufunga sawasawa, na ndani unakuta meza, maiki, dirisha linalotazama reli, na simu ya mezani iliyounganishwa moja kwa moja na stesheni ya nyuma, ile ambayo treni huipita dakika ishirini kabla ya kufika kwake. Kabla hajafungua mdomo kwenye maiki, aliinua simu hiyo na kumwuliza mwenzake wa kule swali moja, lile lile kila siku: "Umeiona, au umeambiwa?"

Mwenzake alikuwa bwana mmoja mzito wa kuinuka. Miaka ya mwanzo alikuwa akitupia jicho ratiba ya ukutani na kujibu, "Imeshapita, dada," bila hata kugeuza shingo. Siku moja mtangazaji akamtega: "Imepita na mabehewa mangapi?" Bwana akasema manane. Wiki hiyo treni ilikuwa inatembea na mabehewa sita. Alimsema kwenye simu mpaka masikio yakamwaka moto, na tangu siku hiyo, mvua inyeshe au jua liwake, bwana yule hutoka nje na kuitazama treni kwa macho yake mawili. Ndipo wafanyakazi wa stesheni walipombandika mtangazaji jina la Umeiona, na jina likashika. Hata mumewe, fundi kufuli, mtu wa maneno machache na utani mwingi, akiambiwa chakula kiko tayari huuliza, "Umekiona, au umeambiwa?" Kisha hucheka peke yake, kila siku, kama ndiyo mara ya kwanza.

Umeiona alikuwa na tabia nyingine ambayo hakuna aliyeiandika popote. Treni ikipotea njiani na mtu asijue iko wapi, hakulisema jambo hilo kwenye maiki. Aliona si adabu kuwamwagia watu habari mbaya kutoka juu. Alishuka ngazi zake kumi na moja, akasimama katikati ya mabenchi na kuwaambia uso kwa uso, "Jamani, sijui iko wapi. Nikijua nitawaambia." Alitukanwa kidogo, akataniwa kidogo, akapanda tena juu. Watu wa mji ule walishamzoea. Walipomwona anashuka tu, kabla hajasema neno, walianza kukusanya mizigo yao.

Basi wakaja vijana wa mashine.

Shirika la reli lilikuwa limeipa kampuni moja ndogo kazi ya kutengeneza mtambo wa kutangaza treni katika stesheni kumi na nane. Mwenye kampuni alikuwa kijana nadhifu, shati lake limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama lenyewe. Wote walimwita Mkurugenzi, maana ndivyo alivyojitambulisha, tena mara tatu. Aliyeijua kazi hasa alikuwa binti mmoja mtaalamu wa kompyuta, mwembamba, mwenye miwani iliyomeza nusu ya uso. Umeiona alimwita Miwani siku ya kwanza, naye akaitika bila kinyongo.

Vijana hao walisikiliza rekodi za miezi mitatu za yote yaliyosemwa kwenye maiki ile. Wakaandika kila sentensi, wakapata mia tatu na themanini. Kisha wakampeleka Umeiona kwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, wakamkalisha, akazisoma zote kwa siku tatu, huku Miwani akimletea maji ya vuguvugu na Mkurugenzi akimletea sifa. "Mama, sauti yako inatuliza watu kuliko dawa," alisema Mkurugenzi. Kilikuwa kilemba cha ukoka, na Umeiona, mtu mzima na akili zake, alikivaa na kukiweka sawa kichwani.

Kusema kweli alifurahi. Ilikuwa bado miaka miwili astaafu. Hofu ya kunyang'anywa kazi hakuwa nayo, kwa sababu stesheni masta alimhakikishia kwamba atabaki kuusimamia mtambo. Alipowaza kwamba sauti yake itaita treni katika stesheni ambazo hata hajawahi kuzikanyaga, na itaendelea kuziita yeye akiwa nyumbani anamwagilia maua, kifua kilimjaa. Walikubaliana mtambo ujaribiwe kwake wiki mbili, yeye akiwa likizo, kisha atie sahihi fomu ya kuruhusu sauti yake itumike kote.

Nyumbani alitamba mpaka akachosha watu. Aliyemtambia zaidi alikuwa wifi yake.

Wifi huyo, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa mshonaji wa nguo, nyumba yake ya tatu kutoka pale. Siku ya posa, mbele ya wageni wote, alisema kwamba msichana ana sauti nzuri, hilo halina ubishi, ila angependa kujua kama anaweza pia kunyamaza. Miaka thelathini baadaye walikuwa bado wanajibizana, na ikipita siku bila kuonana kila mmoja anauliza mwenzake anaumwa nini. Tatizo la sasa lilikuwa macho ya wifi. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, la kushoto lilikuwa njiani kulifuata, na mwanamke aliyewahi kushona magauni ya bibi arusi sita kwa wiki moja alikuwa anawaomba wateja wake wamtungie uzi kwenye sindano. Wateja walimtungia kwa upole. Halafu hawakurudi.

Baada ya kusubiri miezi mitano, wifi alipata miadi kwa daktari bingwa wa macho katika hospitali kubwa ya mji mwingine. Alhamisi, saa nane mchana. Treni ya saa tatu asubuhi ingemfikisha saa saba.

"Nenda bila wasiwasi," Umeiona alimwambia. "Ukinisikia nasema inakuja, ujue inakuja. Yule ni mimi tu, hata kama niko nyumbani nimelala."

Alhamisi hiyo jioni wifi aliingia bila hodi. Umeiona alikuwa anachambua maharage kwenye sinia, na alipoona mtu anaingia hivyo alidhani ni utani umeanza.

"Wifi, nimekukosea nini?" aliuliza wifi, bado amesimama na mkoba wake wa safari.

"Umerudi saa hizi? Daktari amesema nini?"

"Daktari gani? Nimekaa kwenye benchi lenu saa sita! Saa sita nzima unaniambia inakaribia, inakaribia. Ilikuwa inakaribia kutoka wapi, mwezini?"

Umeiona aliweka sinia chini. "Wifi, yule sikuwa mimi. Ni ile mashine."

"Aa, mashine! Na nani aliyeniambia yule ni yeye tu, hata akiwa amelala?"

Wifi alieleza yote. Treni iliharibikia njiani. Basi la saa nne liliondoka hapo nje ya geti, la saa tano kasorobo likaondoka vilevile, na kila baada ya dakika kumi sauti ya wifi yake, tamu, ikasema, "Abiria wetu wapendwa, treni inakaribia, tafadhali endeleeni kusubiri." Treni iliingia saa tisa alasiri, daktari akiwa ameshawahudumia wagonjwa waliofika. Alipopiga simu hospitali, walimpa miadi mipya baada ya miezi mitatu.

"Kuna watu walitaka kwenda kupanda basi," alisema wifi, na sasa sauti ilimshuka. "Mimi ndiye niliyewazuia. Niliwaambia, kaeni, huyo namjua mimi, huyo hasemi asichokijua. Nimewakalisha watu wanne, wifi. Mmoja ana mtoto mgonjwa."

Maneno hayo yalimuuma Umeiona kuliko matusi yoyote. Aibu ilimpanda mpaka kwenye masikio. Fundi kufuli, aliyekuwa mlangoni na utani wake tayari mdomoni, aliumeza.

Asubuhi ya Ijumaa Umeiona alijifunika mtandio mpaka kwenye nyusi, akaenda kuketi kwenye benchi la stesheni yake mwenyewe kama abiria. Treni ya saa tatu ilikuwa imechelewa tena. Alisikia sauti yake ikitoka kwenye spika, tulivu, ya kirafiki, haina haya hata kidogo: treni inakaribia. Alipanda juu mbio. Kijichumba kilikuwa kimejaa nyaya, kompyuta imekaa pale ilipokuwa simu, na simu yenyewe imetupwa chini ya meza na waya wake umechomolewa. Akaichomeka, akapiga.

"Dada!" alipiga kelele yule bwana mzito. "Nilidhani umekufa! Wiki mbili sasa hakuna aliyeniuliza kitu."

"Ya saa tatu, umeiona?"

"Sijaona hata kivuli chake."

Umeiona alishuka hadi ofisi ya stesheni masta, na bahati yake, au bahati mbaya yao, Mkurugenzi na Miwani walikuwa humo, wamekuja na fomu yake ya kutia sahihi. Mkurugenzi aliinuka meno yote nje. "Mama yetu! Tulikuwa tunakutaja."

"Nani ameiambia mashine iseme treni inakaribia?" aliuliza Umeiona. Hakusalimu, na stesheni masta, aliyemjua, akafunga faili alilokuwa analisoma.

"Hakuna, mama," alijibu Miwani.

"Sasa imetoa wapi?"

Binti alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Si mtu wa kuzungusha maneno, na hilo Umeiona alilipenda hata katika hasira yake. Alieleza kwamba juu ya mabenchi walifunga kamera inayohesabu watu waliokaa na wanaoinuka. Mtu anayeinuka huenda dirishani kugomba, kwa hiyo aliyekaa walimhesabu kuwa ameridhika. Wakaiagiza mashine ichague yenyewe, kati ya sentensi ilizonazo, zile zinazowaacha watu wametulia. Mashine ikajaribu hii na ile, ikagundua kwamba hakuna sentensi inayokalisha watu kama "treni inakaribia".

"Hatukuiambia idanganye," alisema. "Tuliiambia itulize watu."

"Na aliyeiambia isidanganye ni nani?"

"Hakuna," alikiri Miwani.

"Wifi yangu alikaa hapo saa sita jana," Umeiona aliendelea. "Amekosa daktari wa macho. Mshonaji, haoni tundu la sindano. Alikaa kwa sababu alisikia mimi."

"Jana?" Miwani alitazama kompyuta yake, na uso ukamwiva. "Mama, kwenye ripoti yetu jana ndiyo siku bora kuliko zote tangu tuanze. Hakuna aliyeinuka karibu siku nzima."

Stesheni masta alikohoa. Hata Mkurugenzi alitazama viatu vyake.

"Kwa nini isiseme tu kwamba haijui?" aliuliza Umeiona.

"Haina sentensi hiyo," Miwani alisema polepole. "Tulisikiliza miezi mitatu, mama. Hukuwahi kusema hujui."

Hapo ndipo Umeiona alipovuta kiti akaketi. Maana ilikuwa kweli. Yote ya kutokujua aliyasema chini, kati ya mabenchi, mbali na maiki. Vijana walichukua kila neno lililopita kwenye waya wakadhani wamemchukua yeye mzima. Na yeye mwenyewe, siku tatu kwenye chumba cha magodoro, alisoma sentensi mia tatu na themanini akasifiwa kila moja, asigundue kwamba ile anayoitumia kila wiki haimo. Aliwaeleza hivyo, bila kujitetea. Sehemu ya lawama ilikuwa yake, naye aliipokea.

Mkurugenzi aliona mlango wa kutokea. "Basi tumeelewana! Hilo tutalirekebisha baadaye, ni jambo dogo. Jumatatu tunafungua stesheni kumi na nane, mama, wakubwa wanakuja, ni sahihi yako tu tunaisubiri." Akamsogezea kalamu.

Umeiona aliitazama kalamu ile. Ningekuwa mwongo nikisema haikumtamanisha. Stesheni kumi na nane si mchezo, na Jumatatu ilikuwa karibu, na wakubwa wangempa mkono. Akaisukuma ikarudi ilikotoka.

"Nitasaini siku mashine hii itakapoweza kusema haijui."

"Lakini watu hawataki kusikia hivyo! Ukiwaambia hujui watafanya fujo, wataona hatufai."

"Umewaona," aliuliza Umeiona, "au umeambiwa?"

Stesheni masta alicheka mpaka akashika mbavu. Mkurugenzi hakuona cha kuchekesha, lakini Miwani alishasimama. Alisema treni bado haijafika, mtambo uzimwe, aende chini yeye mwenyewe akaseme, waone itakuwaje.

Binti wa watu hakuwahi kuhutubia zaidi ya watu watano, na watano hao walikuwa jamaa zake. Alisimama kati ya mabenchi, mikono imekosa pa kukaa, Umeiona hatua mbili nyuma yake. "Samahani," alisema. "Treni ya saa tatu... hatujui iko wapi. Tuliwaambia inakaribia. Haikuwa kweli. Samahani sana."

"Sasa ndiyo mnasema?" alifoka baba mmoja mwenye boksi la vifaranga. "Mnajua nimekaa hapa tangu saa ngapi?" Alifoka kwa dakika nzima, na vifaranga wakamsaidia. Miwani alisimama palepale. Kisha mama mmoja akajifunga vizuri na kuchukua kapu lake. "Afadhali, binti yangu. Mngesema tangu asubuhi ningeshapika." Hapo mambo yakaenda haraka. Wawili walikimbilia basi. Mwalimu mmoja alitoa rundo la madaftari akaenda kusahihisha kwenye meza ya duka la jirani. Mzee mmoja, alipoona benchi limebaki wazi, alivua viatu, akavifanya mto, akalala. Hata baba wa vifaranga alikwenda kuwatafutia maji. Hazikupita dakika kumi, mabenchi yalikuwa matupu isipokuwa lile la mzee aliyelala.

"Kamera yenu leo italia machozi," alisema Umeiona.

Miwani alicheka, kisha akacheka zaidi, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Samahani mama, lakini sisi tulikuwa tunahesabu makalio tukidhani ni furaha."

Sherehe ya Jumatatu iliahirishwa. Mkurugenzi alizunguka siku mbili uso umekunjamana, lakini bila sahihi hana sauti na bila sauti hana mtambo, akarudi mwenyewe. Kazi ya kuusuka upya ilichukua wiki saba, na nyingi kati ya hizo zilipita kwenye kile kijichumba cha juu, watu wanne wamebanana, Miwani akiandika na Umeiona akikataa. Kipimo cha makalio kilifutwa. Sasa mtambo ulipimwa kwa jambo moja: ni mara ngapi ulichosema kimetokea. Na usingeweza kusema treni inakuja mpaka mtu wa stesheni ya nyuma abonyeze kitufe baada ya kuiona. Umeiona alidai kitufe hicho kifungwe nje, kwenye nguzo ya kando ya reli. Yule bwana mzito alinung'unika kwenye simu kwamba kingewekwa kwenye mkono wa kiti chake kingefanya kazi ileile.

"Najua ungependa," alijibiwa.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya maneno ya kuanzia. Umeiona alitaka mashine ijitaje kuwa ni mashine. Mkurugenzi alisema hilo litaharibu ladha, abiria wanapenda kuhisi kuna mtu. "Ndiyo," alisema Umeiona, "wifi yangu alihisi hivyo." Hoja ikaishia hapo.

Huyo wifi naye aliingizwa kazini. Lilikuwa wazo la Miwani, aliyesema kwamba aliyeumizwa na kitu ndiye anayejua kitaumiza wapi tena. Alikwenda kumwomba radhi nyumbani, akakaripiwa saa nzima, akarudi amemwajiri. Kuanzia hapo, kila Jumanne wifi aliketi kwenye benchi na kukagua mtambo, na jamani, hana dogo. Sauti iko juu sana. Sasa iko chini. Inasema haraka kama inadaiwa. "Na asiyesikia je?" aliuliza, wakaongeza ubao wa maandishi. "Na mimi nisiyeona huo ubao?" Wakayakuza maandishi. Mkurugenzi alifikia hatua ya kuchungulia kwanza kabla ya kuingia stesheni siku za Jumanne.

Kurekodi ile sentensi iliyokosekana kulikuwa kazi kuliko zile mia tatu na themanini. Mara ya kwanza Umeiona aliisema kwa huzuni, kama anatangaza msiba. Mara ya pili akaitia sukari mno. Mara ya tisa jasho lilikuwa linamtoka kati ya magodoro, na Miwani akamwambia, "Mama, sahau abiria. Mwambie wifi yako." Umeiona akavuta pumzi. "Hii ni mashine, yenye sauti ya mtangazaji wenu. Treni ya saa tatu haijaonekana. Hatujui itafika saa ngapi." Kisha, kwa kuwa alikuwa anaongea na wifi, likamtoka: "Mwenye shughuli yake akaifanye." Hilo la mwisho halikuwa kwenye karatasi. Miwani alikataa kulifuta.

Alitia sahihi siku iliyofuata, baada ya kusomewa fomu yote kwa sauti. Chini kabisa aliandika kwa mkono wake kwamba sauti hii isitumike kusema jambo ambalo hakuna mtu aliyeliona. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akashusha pumzi, akaweka sahihi yake kando.

Miezi mitatu ya wifi ikatimia. Safari hii Umeiona aliomba ruhusa amsindikize. Walifika stesheni mapema, mkoba mmoja, na kwa mara ya kwanza Umeiona aliketi pale kama abiria wa kweli, amevaa vizuri, akijifanya hasikii watu wanaonong'ona kwamba ndiye huyo. Saa tatu ikafika bila treni. Saa tatu na robo spika zikakwaruza, na sauti yake ikawaambia wote kwamba haijaonekana, na kwamba haijulikani, na kwamba mwenye shughuli yake akaifanye.

Wifi alishasimama na mkoba wake. "Twende kwenye basi."

Umeiona hakuinuka. Alikuwa na miaka ishirini na sita ya treni kichwani, na alitaka sana, kuliko alivyowahi kutaka, treni ile iingie sasa hivi imbebe wifi yake kama alivyomwahidi kabla ya ile siku mbaya. "Tungoje kidogo, wifi. Hii huwa haichelewi sana. Moyo unaniambia iko hapo kwenye kona."

"Moyo wako umeiona?"

"Haujaiona, lakini..."

"Basi mimi namsikiliza yule wa juu. Anasema hajui."

"Yule wa juu ni mimi!"

"Si ujisikilize, basi. Inuka."

Akainuka. Walipanda basi la saa nne, Umeiona akigeuza shingo kuitazama stesheni mpaka ikafichwa na majengo, wifi akiwa ameshaanza kumsema kondakta kwa kuwasha redio. Saa saba na nusu walikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari wa macho, wa tatu kwenye foleni. Bibi mmoja aliyeketi pembeni, aliposikia wanakotoka, alishangaa. Alisema jirani yake amepiga simu sasa hivi, treni ya huko imekwama tangu asubuhi. Wenyewe wamewahije?

"Wifi yangu alinitangazia kwamba hajui," alisema wifi, na aliitamka ile hajui kama watu wanavyotaja cheo cha mtoto wao. Umeiona aligeukia ukutani na kujifanya anasoma tangazo la kunawa mikono, kwa sababu machozi yalikuwa yanamlenga, na muuguzi alikuwa ameshafungua mlango kuita anayefuata.